Kugawa duara kwenye mashine ya kukereza: gia ya baiskeli, plaiwudi na tendegu la petali kumi

Mashine ya kukereza inakupa umviringo bila kuombwa. Funga kipande cha mninga kati ya senta mbili, zile ncha zinazoushika mti huku na huku, washa, sogeza patasi, na baada ya dakika chache una kitu cha mviringo kuliko mkono wowote ungeweza kuchonga. Lakini mashine hiyohiyo haijui robo iko wapi wala theluthi iko wapi. Ukitaka mifuo minane ishuke kwenye tendegu la kitanda, au matundu matatu ya miguu chini ya kigoda, au petali kuzunguka kichwa cha nguzo, umviringo peke yake haukusaidii. Hapo inabidi ugawe, na ukishagawa inabidi uwe na kitu cha kuukamata mhimili, chuma kinachouzungusha mti, usitikisike kila unapofika kwenye mgawo.

Kazi yangu ni hapa Tanga, vitanda na viti zaidi ya vitu vingine, na naona hakuna sehemu ya ukerezaji inayopuuzwa na mafundi wetu kama hii. Watu wenye mkono mzuri kabisa wa patasi wanagawa kwa jicho. Jicho linaona vizuri mgawo wa kwanza na wa pili, kisha makosa madogo yanahamia mbele, yanajilimbikiza, na yote yanaishia kwenye nafasi ya mwisho. Nafasi hiyo ndiyo mwenye kitanda atakayoitazama kila akiamka.

Mzee aliyenifundisha alikuwa akigawa kwa ukanda wa karatasi, na mpaka leo sijaona njia ya haraka zaidi kwa kazi ya mara moja. Anakata ukanda mwembamba kwenye daftari la shule, anauzungusha kwenye mti ukibana vizuri, halafu pale ncha zinapopandana anapitisha kisu katikati ya zote mbili. Ukanda uliobaki ni mzingo kamili wa mti ule, bila kupima na bila hesabu. Akiukunja mara moja anapata nusu, mara ya pili robo, mara ya tatu nane. Akitaka tatu au tano, ambazo hazikunjiki, anafungua daftari lilelile. Mistari ya daftari imeachana sawa kutoka juu mpaka chini. Analaza ukanda kimshazari, ncha moja kwenye mstari wa kwanza, ncha ya pili anaizungusha mpaka iguse mstari wa ishirini kutoka pale, kisha anatia alama kila mstari wa nne. Tano hiyo, sawasawa. "Mwanangu," alikuwa akiniambia, "daftari limeshakupimia, wewe kazi yako ni kuhesabu tu." Kwa sita unaangalia mstari wa kumi na nane na kutia alama kila wa tatu. Ukanda ukiwa mfupi kuliko urefu wa mistari hiyo, unapunguza mistari. Ukiwa mrefu, unauinamisha zaidi.

Ukanda unakupa alama juu ya mti. Hauushiki mti. Kwa kuchora mistari ya msokoto, ile nguzo inayojisokota kama kamba, alama zinatosha, kwa sababu kazi yote baada ya hapo ni ya msumeno na tupa mkononi. Kwa kutoboa, na zaidi kwa kupitisha rauta, mashine ya mkono inayochimba mifuo kwa ncha inayozunguka, alama hazitoshi. Rauta ikigusa mti uliolegea inausukuma, na mfuo unatoka umepinda. Nimeona watu wanaubana mhimili kwa kipande cha mbao dhidi ya puli, wengine wanamwambia kijana ashike mkanda kwa nguvu. Kijana anachoka kabla ya tendegu la pili.

Mashine za kiwandani, hata ndogo, nyingi huja na matundu ya kugawia yaliyotobolewa kwenye puli au kwenye mhimili, mara nyingi 24, na pini ya kuchomeka. Yangu ni ya kuungwa hapahapa mjini: kitanda cha chaneli za chuma, beringi za gari, mota na mkanda, puli za ngazi tatu. Haina tundu hata moja. Ila mhimili wake unatokeza nyuma ya kichwa cha mashine, na kipande kile kinachotokeza ndicho kilichonipa pa kufungia sahani ya kugawia, yaani duara lenye meno au matundu yaliyoachana sawa.

Mji wetu ni mji wa baiskeli. Kila mtaa wa Ngamiani una fundi baiskeli, na kila fundi baiskeli ana lundo la gia kuukuu. Gia kubwa ya pedeli ni sahani ya kugawia iliyokwisha tengenezwa kiwandani, meno yake yameachana sawa kwa usahihi ambao mimi na drili yangu tusingeufikia kirahisi. La msingi ni kuhesabu meno kabla ya kutoa pesa. Gia ya meno 44 haifai: inagawika kwa 2, 4, 11 na 22, hakuna tatu, hakuna sita, hakuna nane. Sproketi ya pikipiki yenye meno 42 inatoa tatu, sita na saba, lakini haina robo, na fundi vitanda bila robo hafanyi kitu. Niliyoitafuta ni ya meno 48: 2, 3, 4, 6, 8, 12, 16 na 24 zote zimo. Ya 36 nayo ni nzuri, inakosa nane lakini ina tisa. Nilipozama hadi vidole vyeusi kwenye lundo la fundi mmoja aliniuliza, "Fundi, unatafuta ya baiskeli gani?" Nikamwambia natafuta ya arobaini na nane, baiskeli yoyote. Akakaa akanisaidia kuhesabu.

Gia za baiskeli za zamani huwa zimeungana na mkono wa pedeli. Fundi wa kuchomelea aliukata ule mkono kwa grainda, nikabaki na pete na mikono yake ya katikati. Tundu la katikati halikulingana na mhimili wangu, na hata lingelingana nisingeliamini. Nilichofanya ni kukereza kitovu cha mbao ngumu palepale kwenye mhimili, chenye kidato ambacho ukingo wa ndani wa pete unakaa kwa kubana, kisha nikaikaza pete kwa skrubu. Kitovu kikikerezwa mahali pake kinakuwa katikati chenyewe, huna haja ya kubahatisha. Kuhakiki, sogeza ncha ya msumari karibu na meno, zungusha kwa mkono polepole, uangalie mwanya kati ya msumari na jino. Ukipanuka na kusinyaa, pete imekaa upande. Meno ya gia ya baiskeli ya 48 yako takriban milimita 97 kutoka katikati. Pete ikihama milimita moja, pembe inakosewa hadi kama nusu digrii na kidogo. Kwenye tendegu lenye unene wa milimita 70 kosa hilo linafika kama theluthi ya milimita.

Hesabu hiyo ina jambo ambalo kila anayetengeneza sahani ya kugawia inafaa alibebe kichwani. Kosa lililoko kwenye sahani linahamia kwenye kazi kwa uwiano wa vipenyo. Sahani kubwa na kazi nyembamba, kosa linapungua. Tendegu la milimita 70 chini ya sahani ya karibu milimita 200 linapokea theluthi tu ya kosa. Lakini ukiweka bakuli la milimita 300 kwenye sahani ileile, kosa linakua mara moja na nusu. Kwa hiyo sahani itengeneze kubwa kadiri kitanda cha mashine kinavyoruhusu. Sahani ndogo nzuri ya chuma iliyotobolewa kwa ustadi inaweza kushindwa na duara kubwa la plaiwudi.

Baada ya ukubwa linakuja komeo, kile kinachoifunga sahani isizunguke, na hapa ndipo nimetumia muda mwingi kuliko kwenye gia yenyewe. Gia ya meno kamilifu haina maana kama kinachoingia kati ya meno kinacheza. Komeo langu ni wenzo wa mbao ngumu uliofungwa kwa bolti kwenye mguu wa mashine, ncha yake nimeichonga umbo la kabari ili iingie kwenye bonde la jino na kubana pande zote mbili kabla ya kugusa chini. Ikigusa chini kwanza, pembeni inabaki nafasi, na mhimili unacheza. Springi inaubana wenzo usitoke. Mwanzoni ncha ilikuwa ya mbao, ikaliwa na chuma. Sasa ina kipande cha bapa la chuma kilichopigwa tupa.

Hata hivyo mchezo kidogo unabaki, kwenye bolti ya wenzo, na wenyewe ni mbaya kuliko meno yasiyolingana, kwa sababu hauna mpangilio: mara huku, mara kule. Dawa yake ni uzito. Nazungusha kamba kwenye puli, naning'iniza kopo la maziwa lililojaa mchanga. Kopo linauvuta mhimili upande mmoja wakati wote, kwa hiyo komeo linaegemea ubavu uleule wa jino kila mara. Mchezo upo bado, lakini hausogezi kitu. Unapohama jino unanyanyua kopo kidogo, unazungusha, unashusha. Mikato yenye nguvu haitafaa hapa. Kwa rauta inayopita kando ya mti kufuata urefu wake, nguvu ya kuuzungusha mti ni ndogo na kopo linatosha.

Usalama nauweka hapa kwa sababu ndipo unapohusika. Kabla ya kugusa komeo, natoa plagi ukutani. Sisemi kuzima swichi, nasema kutoa plagi. Mashine ikiwashwa komeo likiwa ndani, mkanda ukiteleza ni bahati. Usipoteleza, wenzo unavunjika na vipande vinaruka usawa wa uso. Nimefunga kamba fupi kati ya plagi na komeo, kiasi kwamba plagi haifiki kwenye soketi mpaka komeo liwe limenyanyuliwa na kutundikwa. Nakusihi fanya hivyo hasa kama kuna vijana wanaotumia mashine yako. Na komeo lisitumike kushikia mhimili wakati wa kufungua sahani iliyokwama. Kazi hiyo ifanyike kwa spana.

Basi, kuhesabu. Karibu kila kazi ya kugawa iliyoharibika niliyoletewa nirekebishe iliharibika kwenye kuhesabu. Mifuo minane kwenye 48 ni kila baada ya meno sita: 0, 6, 12, 18, 24, 30, 36, 42. Kumi na mbili ni kila baada ya manne. Ukihesabu meno kwa kichwa huku mashine ya kuranda inapiga kelele jirani, utaruka jino. Nimeyapaka meno rangi ya kucha: nyekundu kila la sita, nyeupe kila la nne, na sifuri ina zote mbili na mstari wa tupa juu yake. Kabla rauta haijagusa chochote, nazunguka mzunguko mzima kwa penseli. Egemeo la patasi linawekwa usawa wa senta, penseli inalazwa juu yake, unachora mstari mmoja kila kituo. Ukimaliza, zungusha mti mbele ya macho. Nafasi moja tofauti itajitokeza yenyewe. Vijana wangu wanajua kwamba mtu akiingia na kusalimia wakati wa kuhesabu, unamalizia kituo, komeo linaingia, ndipo unaitikia. Wateja wazee wameshazoea, wanasubiri mlangoni.

Rauta yenyewe inakaa kwenye sanduku la plaiwudi lisilo na kifuniko, limepanda juu ya kitanda cha mashine, mti uko ndani. Kingo mbili za juu za sanduku ndizo reli. Rauta imefungwa kwenye ubao unaoteleza juu ya kingo hizo, ncha yake iko juu kabisa ya mstari wa senta. Vizuizi viwili vinaweka mwanzo na mwisho wa mfuo. Kama tendegu linapungua unene kwenda chini, na mengi ni hivyo, kingo za sanduku zinainamishwa sambamba na ule mpunguo, vinginevyo mfuo unakuwa na kina upande mmoja na kupotea upande wa pili. Nakata kina kidogo kuzunguka vituo vyote, kisha naongeza kina nazunguka tena. Mti ukikatwa mfuo mmoja hadi mwisho kabla ya mwingine unaweza kujipinda, hasa mti mwembamba na mrefu.

Idadi ya mifuo isichaguliwe kwa kupendeza macho kwenye karatasi. Chukua tendegu lenye milimita 60 juu na 40 chini. Juu mzingo ni kama 188. Ukigawa kwa kumi na mbili kila mfuo una 15.7. Ncha ya rauta ya robo tatu ya nusu inchi, milimita 9.5, inaacha mgongo wa milimita 6 kati ya mfuo na mfuo. Vizuri. Chini mzingo ni kama 126, gawa kwa kumi na mbili, 10.5, mgongo unabaki milimita moja. Mgongo wa milimita moja kwenye mninga utabanduka siku ya kwanza ya msasa. Kwa hiyo hapo ni minane, au ncha nyembamba zaidi. Waliojenga kwa mawe zamani huko Ugiriki walikuwa na hesabu zao pia: nguzo za mtindo wa Doriki kwa kawaida zina mifuo 20, za Ioniki 24. Ishirini na nne unaitoa kwenye 48. Ishirini huipati, maana 48 haina tano ndani yake.

Na tano ndiyo iliyonisimamisha. Familia moja iliniletea kitanda cha zamani cha msaji, cha bibi yao, tendegu moja limeliwa na mchwa kuanzia chini hadi juu kidogo ya tundu la mfumbati, ule ubao wa ubavuni. Matatu yalikuwa mazima. Walitaka la nne lifanane, wala hawakutaka nibadilishe yote. Juu ya kila tendegu kulikuwa na kichwa kama kifumba cha ua, na petali zake nilipozihesabu zilikuwa kumi.

Ningeweza kutumia ukanda wa karatasi na kuchonga kwa mkono. Yamkini aliyekitengeneza alifanya hivyo. Lakini nilitaka sahani yenye tano kwa muda mrefu, na kazi ile ilikuwa sababu ya kuitengeneza. Nikachagua 60: 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20, 30.

Namna nilivyoipata 60 naieleza kwa kina kwa sababu haihitaji kifaa chochote cha kupimia pembe. Ukigawa duara kwa bikari, hatua kwa hatua, kosa la sehemu ya kumi ya milimita kila hatua linakuwa milimita sita ukifika hatua ya sitini. Njia bora ni kulifanya duara lilingane na rula badala ya rula kulingana na duara. Nataka migawo 60 ya milimita 10, basi nahitaji mzingo wa milimita 600 kamili, yaani kipenyo cha 191 hivi. Nilichukua rola ya karatasi ya risiti, ile nyembamba ya mashine za dukani, nikailaza kwenye meza kando ya rula ya chuma na kutia alama kila sentimita, sifuri hadi 600, kwa penseli iliyochongwa kali. Alama zote zinatoka kwenye rula moja iliyolala, kwa hiyo hakuna kosa linalobebwa na linalofuata.

Kisha plaiwudi mbili za milimita 18 zilizogandishwa pamoja, duara la milimita 200, likafungwa kwenye mhimili na kukerezwa. Sikutumia ubao mzima wa mti. Ubao mzima hupungua zaidi upande mmoja kuliko mwingine hewa inapokauka, duara linakuwa yai, na Tanga hewa yetu haitulii. Nikakereza nikisimama mara kwa mara kuzungusha ukanda. Milimita kumi za mzingo zikibaki, unapunguza patasi. Mbili zikibaki, unatumia msasa peke yake. Sifuri na 600 zikikutana, umefika. Ukipitiliza kidogo, usitupe sahani: zungusha tepu nyembamba ya karatasi ya wapaka rangi. Tepu ya unene wa sehemu ya kumi ya milimita inaongeza mzingo kwa zaidi kidogo ya nusu milimita. Ukanda usibandikwe kwa gundi ya mbao, maana maji yake yananyoosha karatasi na alama zote zinahama. Selotepu kwenye ncha inatosha.

Matundu nikayatoboa kwenye ukingo kuelekea katikati. Kitalu, yaani kipande kinene, cha mpingo chenye tundu la milimita 5, kimefungwa pale linapokaa egemeo la patasi, usawa wa senta, ndicho kilichoongoza drili. Bila kitalu, ncha ya drili inatangatanga kati ya matabaka ya plaiwudi. Sindano iliyochomekwa kwenye kitalu inaelekea alama. Leta alama kwenye sindano, bana mhimili, toboa. Pini ya komeo ni shina la drili ileile iliyotoboa, kwa hiyo inaingia bila kulegea. Tundu likija kuchakaa, tone la supa gluu ndani, subiri, toboa tena. Kwenye unene uliobaki nikaongeza safu ya pili ya 48, nikiikopi moja kwa moja kutoka gia ya baiskeli iliyokuwa kwenye mhimili uleule. Safu mbili hizo zinanipa kila kitu ninachoombwa isipokuwa saba na tisa, na hizo nazigawa kwa ukanda kama mzee.

Wakerezaji wa urembo wa Uingereza walikwenda mbali zaidi ya hapo. Mashine za Holtzapffel wa London, karakana iliyoanza miaka ya 1790, zilikuwa na safu kadhaa za matundu kwenye puli, safu kubwa kabisa ikiwa na 360. Na mti uliopendwa sana kwa kazi zile za mikato midogomidogo ni mpingo, unaoota kwetu, Kilwa na Lindi na kwingineko. Mpingo unashika ukingo wa mkato bila kuchanika. Nasikitika kila nikifikiri kwamba mti ulitoka hapa kwenda kugawanywa kwa ustadi huo huko, wakati mafundi wengi wa hapa hatuna hata sahani ya matundu 24.

Narudi kwenye tendegu. Petali kumi kwenye 60 ni kila tundu la sita, jambo rahisi. Kilichobaki ni sifuri iwe wapi. Tendegu lina matundu mawili ya ndimi yanayokaa pembe mraba: moja la mfumbati, upande wa urefu wa kitanda, moja la kitakizo, upande wa kichwani au miguuni. Pembe mraba kwenye sahani yangu ni matundu 15. Kumi na tano haigawiki kwa sita. Inatoka mbili na nusu. Maana yake, ukianzia petali usawa wa tundu la mfumbati, usawa wa kitakizo utakuta bonde kati ya petali mbili. Ukitazama kitanda kutoka ubavuni utaona ua limekaa sawa, ukitazama kutoka miguuni utaona limegeuka.

Nikayapanga matendegu matatu ya zamani mezani, nikayageuza moja baada ya lingine. Fundi yule, sijui ni nani na nani alimfundisha, alilijua tatizo hili na alikuwa amelimaliza. Petali moja aliiweka kwenye kona ya nje kabisa, ile inayoelekea chumbani, katikati ya pande zile mbili. Kutoka hapo ua linashuka kulia na kushoto sawasawa, na upande wa mfumbati unaona kilekile ambacho upande wa kitakizo unakiona, kimegeuzwa tu kama kwenye kioo. Matatu yote yalikuwa hivyo. Nilimwita kijana wangu aje aone, nikamwekea kidole kwenye ile petali ya kona.

Kona ya nje iko digrii 225 kutoka tundu la mfumbati. Kwenye sahani ya 60, kila tundu ni digrii sita, kwa hiyo kona inaangukia 37 na nusu. Nusu tundu halipo. Ningelazimika kuwa na sahani ya 120, au kuhamisha komeo. Nikahamisha komeo: kitalu kinachoshika pini nikakitoboa upya, badala ya matundu ya skrubu nikachimba mifuo mirefu ili kiweze kuteleza milimita chache kufuata mzingo wa sahani, kisha kukazwa. Matundu yameachana milimita 10, nusu yake ni milimita 5, na milimita 5 unaipima kwa rula ya kawaida. Sahani ya 60 ikawa 120 kwa kazi ile bila kutoboa tundu hata moja zaidi.

Utaratibu ukawa huu. Matundu ya ndimi nikayapima na kuyachimba kwanza, mti ungali mraba, kama inavyotakiwa. Nikaufunga kati ya senta, nikaegemeza kigonya, kile kipimo cha pembe mraba, kwenye kitanda cha mashine na uso wenye tundu la mfumbati, nikauzungusha hadi ukasimama wima kamili, hapo nikakaza komeo kwenye sifuri huku kitalu kikiwa mahali pake pa kawaida. Halafu kitalu nikakisogeza milimita 5 pamoja na pini ikiwa ndani, mhimili ukifuata. Kutoka hapo nikahesabu matundu 37 hadi kona, hiyo ikawa petali ya kwanza, na baada yake kila tundu la sita lilikuwa petali. Senta ya mbele lazima iwe na meno yaliyoingia vizuri kwenye mti, maana mti ukiteleza hata kidogo kwenye senta, sahani itaendelea kusema kweli na kazi itakuwa imehama.

Petali zilichorwa kwa penseli, mabonde yakatolewa kwa rauta kwa kina kidogo, na sehemu ya juu inayojikunja nikaimaliza kwa patasi ya mkono na tupa, nikiwa na tendegu la zamani mbele yangu. Msaji mpya wa Longuza, shamba la misaji la huku kwetu, ni mweupe kando ya msaji wa miaka yote ile, kwa hiyo rangi ilinichukua muda kuliko kugawa. Mfumbati na kitakizo vya zamani viliingia kwenye matundu mapya kwa nyundo ya mbao, mapigo mepesi.

Kitalu cha komeo sasa kina alama tatu za tupa: ya kawaida, ya nusu, na ya robo kwa kazi nyembamba za meza. Wiki hii kipo kwenye nusu, kuna viti sita vya migongo ya nondo za kukerezwa vinasubiri, na kona zake zote zinaangalia nje.